Kila punje ina baba yake

Muuza mahindi ya kuchoma hana haja ya kusomea kilimo ili atambue hindi baya. Akilimenya akakuta mapengo, hulisogeza pembeni mwa jiko, liuzwe mwisho kwa bei ya kupatana. Mteja akipewa hilo hulirudisha. Shambani nako, mkulima akivuna debe baada ya debe la mahindi ya namna hiyo huanza kutafuta mchawi: mbegu ilikuwa feki, mbolea ilichanganywa na mchanga, jirani ana kijicho. Wakati mwingine mbegu huwa feki kweli. Lakini mara nyingi maelezo ni mepesi kuliko hayo: pale penye pengo palikuwa na ua, na ua hilo halikupata chavua.

Ua gani tena, kwenye hindi? Ni swali la haki. Ua tulilochorewa ubaoni shule ya msingi lilikuwa na petali nyekundu zilizojipanga duara, na mishale kila upande ikielekea majina ya kukariri. Tukafaulu mtihani, tukafunga daftari. Hatukuambiwa kwamba ugali unaopikwa karibu kila siku katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya unatokana na ua lisilo na petali hata moja. Wala hatukupelekwa kwenye shamba la mseto la mama wa kijijini, lile lenye mahindi, maharage na maboga kwa pamoja, ambako njia tatu tofauti kabisa za mimea kuzaa zinaonekana ndani ya hatua chache. Mabwana shamba wa zamani waliliona shamba la aina hiyo kuwa uchafu. Mwalimu wa sayansi akiwa nalo karibu hahitaji maabara nyingine.

Tuanze na haragwe, kwa kuwa ndilo linalokaribia picha ya daftari. Chuma ua moja, lifungue kwa ukucha. Chini kabisa, penye kikonyo, kuna vijani vya kijani vilivyolishika: hizo ni sepali, zilizolilinda lilipokuwa tumba. Juu yake kuna petali 5, nazo hazilingani. Moja ni pana, imesimama nyuma. Mbili zimekaa ubavuni. Mbili za mwisho zimeungana na kujiviringa, zikaficha kila kitu chenye maana. Zichane taratibu. Ndani utakuta stameni 10, sehemu za kiume, kila moja ikiwa na uzi mwembamba na kifuko kidogo kichwani kinachoitwa chavulio. Humo ndimo chavua hutengenezwa. Nyuzi 9 zimeshikana upande mmoja. Ya kumi imejitenga peke yake, sijui kwa ugomvi gani. Katikati kabisa kuna pistili, sehemu ya kike: juu stigma inayopokea chavua, kisha shingo nyembamba iitwayo staili, na chini ovari. Ovari hiyo ukiiinua kwenye mwanga utaitambua mara moja. Ni ganda la haragwe, ila dogo mno, na ndani yake ovuli zimeshajipanga mstari zikisubiri kuwa maharage.

Sasa jambo ambalo mchoro wa ubaoni hauonyeshi. Ua la haragwe linapofunguka na kupendeza, kazi imekwisha. Vyavulio hupasuka mapema, tumba likiwa bado limefumba au ndiyo kwanza linafumbuka, na chavua huangukia stigma iliyo palepale ndani. Nyuki akija baadaye atafaidi mbochi, ule utamu wa majimaji ulio chini ya ua, lakini kwa kawaida hatabadilisha ukoo wa mtu. Ndiyo maana mbegu ya maharage aliyoitunza bibi kwenye kibuyu inabaki ileile kwa wajukuu. Wakulima wa Rwanda na Burundi wana desturi ya kupanda mchanganyiko wa maharage ya rangi nyingi katika shamba moja, meupe na mekundu na yenye madoa, na rangi hizo hurudi msimu hadi msimu bila kuvurugana sana. Kila mmea unajizalisha wenyewe.

Boga haliwezi. Limetenganisha dume na jike kwenye maua mawili tofauti ya mmea uleule. Ua la kiume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na katikati yake kuna nguzo ya njano inayoacha unga kwenye kidole. Ua la kike hukaa karibu na shina, na huhitaji darasa kulitambua, maana chini ya petali zake kuna kiboga kidogo kimeshaumbika: ovari iliyo nje, ikionekana wazi. Maua ya kiume hutangulia. Hapo ndipo wakulima wageni huingiwa na hofu, wakiona maua yananyauka na kuanguka bila kuacha kitu. Yanayoanguka ni madume, nayo kuanguka ndiyo kawaida yake. Akina mama wanaoyachuma na kuyapika pamoja na majani ya maboga hawapotezi kitu, mradi wabakize machache.

Kuna sharti moja tu, nalo ni gumu. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya jua la mchana, halifunguki tena. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, upepo hauiwezi. Ndani ya saa hizo chache lazima nyuki atoke dume akaingie jike, na tena si mara moja, kwa sababu kila mbegu ndani ya boga ilihitaji chembe yake ya chavua. Chavua ikipungua, kiboga hugeuka njano, kikasinyaa na kuoza kikiwa na ukubwa wa yai. Mwenye bustani asiye na nyuki anaweza kufanya kazi hiyo mwenyewe: achume ua la kiume asubuhi, alimenye petali, alipake kwenye stigma ya ua la kike. Anayepulizia dawa ya viwavijeshi kwenye mahindi saa mbili asubuhi, huku maboga yamefunguka chini yake, anaua wafanyakazi wake wakiwa kazini. Apulizie jioni, maua yakiwa yameshafumba.

Haya, turudi kwenye mhindi. Huu nao umetenganisha dume na jike, na umewaweka mbali zaidi. Ile mbelewele iliyosimama kileleni ni mkusanyiko wa maua mengi ya kiume. Hayana petali wala harufu ya kumwita mtu. Yana vigamba vikavu tu, na siku ikifika kila ua hushusha vyavulio 3 vinavyoning'inia na kutikisika. Umande ukikauka, katikati ya asubuhi, vitundu hufunguka nchani na chavua ikaanza kumwagika. Mbelewele moja hutoa chembe zinazofika mamilioni kwa muda wa wiki moja hivi. Ukipita kati ya mistari wakati huo utatoka na vumbi la njano begani. Ni hiyo.

Maua ya kike yako katikati ya bua, yamefungwa ndani ya maganda, yamejipanga kwenye gunzi. Kila mahali patakapokaa punje pana ua, na katika kila ua pana ovari yenye ovuli moja. Kwa kuwa limefungiwa ndani, ua hilo limelazimika kurefusha shingo yake hadi nje kutafuta chavua. Shingo hizo ndizo ndevu za mahindi. Kila udevu ni wa ua moja na unakwenda kwenye punje moja tu, kama waya wa simu za zamani uliokwenda kwenye nyumba moja tu mtaani. Hindi kubwa linaweza kuanza na maua karibu 1,000, ingawa kwa kawaida si yote yanayozaa. Zichunguze ndevu mbichi kwa karibu: zina vinyweleo vidogo sana, na zinanata kidogo. Tofauti na haragwe, ambalo stigma yake ni nchani tu, udevu wa mhindi unapokea chavua karibu urefu wake wote ulio nje.

Na yale makapi laini yanayong'ang'ania kwenye meno ukila hindi la kuchoma? Ni vigamba vya ua. Ndicho kilichobaki cha mavazi yake.

Hesabu pia mistari ya punje kwenye gunzi lolote utakalolipata leo. Itakuwa 12, 14, 16. Karibu daima namba shufwa. Sababu ni kwamba vishada vya maua ya kike huota viwili viwili, kwa hiyo mstari huja na pacha wake. Jambo jingine linalowasumbua watu ni mhindi unaozaa punje juu kwenye mbelewele, hasa kwenye vichipukizi vya pembeni. Nimesikia ukiitwa nuksi, na ukang'olewa. Hakuna nuksi. Kila ua la mhindi, likiwa changa kabisa, huanza na sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike. Juu kileleni ya kike hufa; kwenye gunzi ya kiume hufa. Mara mojamoja mpangilio huo hukosewa, ua la juu likabaki na ovari yake, nayo ikafanya kazi yake.

Chembe ya chavua ikitua kwenye udevu haichukui muda kuamka. Ndani ya dakika chache huanza kuotesha mrija mwembamba usioonekana kwa macho, unaopenya ndani ya udevu na kushuka nao. Safari hiyo inaweza kuwa ya sentimita 20 na zaidi, kwa kitu ambacho chenyewe hakizidi sehemu ya kumi ya milimita, nayo humalizika katika muda wa siku moja hivi. Mrija unabeba seli 2 za kiume. Kwa miaka mingi wataalamu walijua kazi ya moja tu. Ni mwaka 1898 ambapo Sergei Nawaschin, mtaalamu wa mimea huko Kiev, alionyesha kwenye maua ya jamii ya yungiyungi kwamba seli zote mbili zina kazi. Mwaka uliofuata Mfaransa Léon Guignard akaeleza jambo hilohilo. Ya kwanza huungana na yai, hapo hupatikana kiinitete, yaani mmea mchanga. Ya pili huungana na viini viwili vingine vya mama ndani ya ovuli, na muungano huo huzaa endospemu, akiba ya chakula ambayo kiinitete kitaitumia siku kikiota.

Hili la pili ndilo tunalolila. Sembe, ule unga mweupe unaopendwa mijini, ni endospemu iliyosagwa baada ya ganda na kiinitete kuondolewa. Anayekula dona anakula matunda ya miungano yote miwili. Endospemu ina mafungu mawili ya urithi kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, jambo lisilopatikana kwa kawaida katika mwili wa mnyama wala wa binadamu, na juu yake ndipo imesimama sehemu kubwa ya shibe ya Afrika Mashariki. Mpunga, ngano, mtama na ulezi vimejengwa vivyo hivyo.

Baba wa punje ni nani, basi? Hapo ndipo mhindi unapoachana kabisa na haragwe. Mbelewele mara nyingi huanza kumwaga chavua kabla ndevu za mmea huohuo hazijatoka, na upepo hauchagui. Matokeo yake ni kwamba karibu punje zote za hindi moja zina baba kutoka mimea mingine, na punje mbili zilizogusana zinaweza kuwa na baba wawili tofauti. Kwa kawaida hatulioni hilo kwa sababu mahindi yetu mengi ni meupe, watoto wanafanana. Lakini jirani akipanda mahindi ya njano, utaliona msimu huohuo: kwenye hindi lako jeupe zitatokea punje za njano hapa na pale, kila moja ikimtaja baba yake hadharani. Rangi hiyo imo ndani ya endospemu, na chembe moja ya chavua kutoka kwa mhindi wa njano inatosha kuileta.

Biashara nzima ya mbegu chotara imejengwa juu ya jambo hili. Kenya Seed Company ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na chotara iliyopata sifa mapema, H611, ilitolewa mwaka 1964. Utengenezaji wake, ukiuvua maneno ya kitaalamu, ni kuchagua baba. Mistari ya aina mbili hupandwa pamoja. Mistari ile itakayokuwa mama hung'olewa mbelewele zote kabla hazijamwaga, mmea kwa mmea, kwa mikono, na vibarua hurudia shamba lilelile siku baada ya siku kwa kuwa mimea haichanui kwa pamoja. Mbelewele moja iliyosahaulika inaweza kuharibu sehemu nzima. Shamba lenyewe hutengwa na mahindi mengine kwa mita 200 au zaidi. Kwa hiyo bei ya mfuko wa mbegu ina jasho la watu ndani yake, na anayelalamikia bei hiyo, kama ninavyoilalamikia mimi, alijue na hilo.

Ndiyo sababu pia chotara hairudiwi. Punje ulizovuna kwenye mbegu ya dukani zilichavushwa na ndugu zao, na watoto wao hutoka wa kila namna, warefu kwa wafupi, wenye kubeba na wasiobeba. Aliyehifadhi mbegu ya asili naye asijidanganye kwamba iko salama kwenye robo eka iliyozungukwa na chotara za majirani. Achague mahindi ya katikati ya shamba, si ya mpakani, na achanganye punje za mahindi mengi badala ya kutegemea mawili matatu mazuri, la sivyo baada ya misimu michache mbegu itadhoofika.

Sasa mapengo yanasomeka. Ndevu za chini ya hindi hutangulia kutoka, za nchani hutoka mwisho. Hindi lenye upara nchani huenda ndevu zake za mwisho zilitoka chavua imeshakwisha hewani. Au lilichavushwa vizuri, lakini maji au chakula vikapungua na mmea ukaziacha punje changa zife. Yatazame: ukiona punje zilizosinyaa, hilo ni la pili. Mapengo yaliyotawanyika kila mahali huonyesha chavua ilikuwa haba, au wadudu walizikata ndevu zikiwa mbichi. Mhindi uliopandwa mstari mmoja mrefu kando ya ua wa nyumba, kama wafanyavyo wengi Dar es Salaam mvua zikianza, karibu kila mara huzaa mapengo, kwa kuwa chavua nyingi huanguka karibu na mmea wake au hupeperushwa barabarani. Mbegu zilezile zikipandwa mistari minne mifupi husaidiana. Na kwa kiraka kidogo, kata mbelewele moja asubuhi umande ukishakauka, uikung'ute juu ya ndevu.

Ukitaka kujua mapema kama mambo yamekwenda sawa, usingoje mavuno. Siku chache baada ya ndevu kutoka, chuma hindi moja, lipasue maganda kwa kisu kwa urefu, uyafungue bila kuzivuta ndevu. Kisha ligeuze, ulitikise taratibu. Ua likishatungishwa, udevu wake huachia kwenye mzizi wake na kuanguka. Ule unaobaki umeshikilia ni wa ua ambalo halijapata mwenza. Kwa kutikisa mara moja unaona hindi lako litakavyokuwa, na kama mbelewele bado zinamwaga, muda wa kusaidia haujapita.

Adui mkubwa wa yote haya ni ukame wa siku za maua. Mmea ukikosa maji, mbelewele hutoka karibu kwa wakati wake, lakini ndevu huchelewa, na mbelewele hazisubiri. Upungufu wa mbolea ya naitrojeni huchelewesha ndevu vilevile, kwa hiyo anayelaumu mbolea hajakosea kabisa. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, chenye makao yake Mexico, walizichukua siku hizo za kuchelewa kuwa kipimo cha kuchagua mahindi yanayostahimili ukame: aina ambazo ndevu na mbelewele hazipishani mbali ndizo zilizobeba hata mvua ilipokata. Kwa mkulima wa Dodoma au Singida, ambako Februari huweza kupita na wiki kadhaa kavu, hesabu hiyo si ya maabara.

Mabango ya kilimo barabarani yanatangaza mbegu, mbolea na dawa. Sijaona hata moja linalomkumbusha mkulima tarehe ya maua, ilhali upungufu wa maji wiki mbili kabla na baada ya ndevu kutoka ndio unaopunguza mavuno kuliko wa wakati mwingine wowote. Kwa hiyo msimu ujao, siku ya kupanda, soma kwenye mfuko wa mbegu inakomaa kwa siku ngapi. Mbegu ya siku 120 itachanua takriban siku ya 60 hadi 70. Weka alama kwenye kalenda, uangalie mvua za kwenu huwa zikoje wiki hizo, na kama tarehe inaangukia ukavu, sogeza siku ya kupanda au badilisha mbegu. Kama una ndoo chache tu za maji ya kumwagilia, zitunze kwa ajili ya siku hizo.